Waliniandika Pekupeku

Tulimsalia Bwana Mbarouk siku ya Ijumaa, msikitini Chake, Pemba, na baada ya sala imamu akageuka kama ilivyo desturi, akatuuliza tunamshuhudiaje maiti huyu. Msikiti mzima ukaitikia kwamba alikuwa mtu wa kheri. Mimi nilikuwa safu ya pili, na sikufungua mdomo. Mwanangu Shaame, aliyesimama ubavuni pangu, aliligundua hilo, lakini kwa adabu yake alisubiri mpaka tumeshazika, tumeshapeana mikono na wafiwa, na gari imeshapita Gombani, ndipo akasema, "Baba, ulinyamaza." Nikamwambia niliulizwa swali ambalo jibu langu ni refu, na imamu alikuwa na haraka. Hakucheka. Akaniambia marehemu kaishi na watu vizuri, kachimba kisima, kasomesha mayatima, na mtu wa umri wangu hapendezi kubeba kinyongo mpaka makaburini. Sikumjibu. Nimefika nyumbani, nimevua kanzu, nimekaa kitako, na jibu lenyewe ndilo hili.

Kwanza, kinyongo sina. Bwana Mbarouk nilimsamehe kabla Shaame hajazaliwa, na yeye alijua, kwa sababu nilimwambia kwa mdomo wangu. Lakini kusamehe ni kitu kimoja, na kumshuhudia mtu mbele ya watu ni kitu kingine, na sioni kwa nini mauti yanilazimishe kuvichanganya. Sisi wa rika langu tulilelewa kunyamaza kwa heshima. Nimeishi vya kutosha kuona kwamba mara nyingi heshima hiyo ilikuwa woga uliovalishwa kanzu safi. Somo hilo nililipata mwaka mmoja tu, mwaka ule ambao vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha lakini nguo bado tukizipata kwa kadi, nami nilikuwa sijatimiza miaka ishirini. Tangu hapo sijawahi kunyamaza pahala bila kujiuliza nanyamaza kwa ajili gani. Ijumaa hii msikitini nilijiuliza, na nilijua.

Mwaka huo nilikuwa nakaa Madungu, kwa Bi Mize, mjane wa dresa, mfunga vidonda wa hospitali. Chumba changu kilikuwa cha uani, kimepakana na jiko, na baina ya viwili hivyo palikuwa na ukuta wa udongo uliopasuka juu, hata kila asubuhi nilijua tutakula nini kabla sijafungua macho. Siku nyingi ilikuwa muhogo wa kuchemsha na chai ya mchaichai isiyo sukari. Siku ya kheri ilikuwa mkate wa kumimina, na harufu yake ikipenya ufani mle nilikuwa natoka kitandani bila kuitwa. Nilikuwa nimerudi kutoka skuli ya sekondari Unguja na cheti kizuri, cheti kilichopita kazi niliyopewa, maana kazi yenyewe ilikuwa kushika ncha ya mnyororo wa kupimia barabara. Mwenzangu alishika ncha ya huku, mimi ya kule, tukatembea kutwa kwenye jua, na msimamizi akaandika vipimo. Bi Mize hakuacha kunitania. "Kusoma kote kule, bahari kuvuka, mwisho wake washika mnyororo kama mfungwa," alikuwa akisema, huku ananisukumia sahani. "Kula basi, mfungwa wangu. Angalau weye wafungwa mchana tu."

Mimi sikuudharau mnyororo ule. Barabara iliyokuwa ikienda kaskazini, upande wa kwetu Kiuyu, ilikuwa na pahala pamoja panapokatika kila masika. Serikali ikifukia, mvua inachukua. Ikifukia tena, inachukua tena, na kila mwaka mzigo wa watu wa kule ukibaki njiani. Vibarua wenzangu walisema pale pana shetani. Mimi nilianza kwenda siku za Jumapili, kwa miguu yangu, nikitia alama kwa chaki juu ya mawe na juu ya magogo ya mikarafuu kuonyesha maji yamefika wapi mvua hii na mvua ile, nikaziandika katika daftari la skuli. Hakuna aliyenituma. Nilitaka tu kujua, na kadiri nilivyojua ndivyo nilivyozidi kukasirika, kwa sababu shetani hakuwepo. Palikuwa na bomba dogo la kupitisha maji chini ya barabara, limezikwa pahala pasipo pake.

Basi ndipo lilipobandikwa tangazo kwenye ubao wa skuli. Kijana mmoja wa Unguja au Pemba atapelekwa Uingereza kwa skolashipu ya serikali, aingie chuo kikuu mwaka wa kwanza, asomee uinjinia mpaka digrii. Mmoja. Nililisoma mara tatu nikiwa nimesimama, kisha nikarudi nyumbani nikaandika ombi langu. Jioni ile wanaume wa mtaani walikuwa wamekaa kwenye baraza ya Bi Mize, nami niko ndani nasikia yote. "Hino si ya Mpemba," mmoja akasema. "Jina lishaandikwa huko Unguja, sie twaonyeshwa tangazo tu." Mwengine akasema, "Na akesha kuwa injinia atatengeneza nini huku? Ataiparua mikarafuu?" Wakacheka. Bi Mize akawajibu kutoka nyuma ya pazia, bila kutoka, "Atatengeneza hiyo barabara iliyomlaza mkeo njiani na uchungu wa uzazi, Mzee Hamad. Hamna haya?"  Nilimpenda mwanamke yule kuliko nilivyowahi kumwambia.

Wito ulipokuja, ulisema kamati itakuja Chake, na waombaji wafike wakiwa nadhifu. Nadhifu! Nilikuwa na suruali moja na shati mbili, na viatu vya skuli vilishakufa Unguja kabla mimi sijaondoka. Viatu vipya wakati ule havikupatikana dukani hata kwa mwenye pesa. Bi Mize akaingia chumbani kwake, nikasikia sanduku likifunguliwa, akatoka na kitu kilichofungwa kwenye kanga. Vilikuwa viatu vya marehemu mumewe, vyeusi, vya kamba, alivyovivaa hospitalini. Vilikuwa vikubwa kwangu. Tukavijaza sufi puani, Bi Mize akavisugua kwa majivu na mafuta ya nazi mpaka akaridhika, kisha akanitaka nitembee ukumbini kwenda na kurudi yeye akitazama. "Usivikokote. Yeye hakuvikokota," alisema. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na mimi nikajifanya natazama kamba.

Kamati ilikaa ghorofani katika afisi ya serikali. Walikuwa watu watatu: mwenyekiti, Mzungu mnene wa mambo ya elimu; injinia, Mzungu mwembamba aliyeungua na jua, ambaye mnyororo wangu ulikuwa chini yake ingawa hatujawahi kusemezana; na karani wa kamati, ambaye pia alikuwa mkalimani wa wazee wasiojua Kiingereza. Karani ndiye Bwana Mbarouk. Mzaliwa wa Wete, kijana bado, suruali nyeupe imenyooshwa, viatu vinang'aa. Nilifarijika kumwona. Nilijisemea, yumo mtu wetu. Na kwa heshima ya wageni, mtu fulani alikuwa ametandika busati jipya zuri, la mistari, kutoka mlangoni mpaka miguuni mwa meza.

Mpemba yeyote anajua kilichofuata. Nilifika mlangoni, nikaliona busati, na miguu yangu ikavua viatu kabla akili yangu haijaulizwa. Nilivipanga vizuri nje, pembeni ya mlango, pua zikitazama nje, nikaingia. Nani akanyage busati na viatu? Nilijibu maswali yao kwa Kiingereza changu chote. Hesabu walizonipa nilizifanya. Mwenyekiti alikuwa akizungumza huku macho yakishuka sakafuni mara kwa mara, na mimi mjinga nikadhani ni mtu mwenye haya. Nilitoka nina furaha, nikavaa viatu vyangu, nikashuka ngazi kwa uangalifu nisivikokote. Nyumbani Bi Mize alipika kuku.

Baada ya wiki mbili ikaja barua ya mistari minne. Mwombaji amefanya vizuri katika hesabu, ila hajawa tayari kwa maisha ya ng'ambo. Niliikunja, nikaikunjua, nikaisoma tena. Hajawa tayari kwa maisha ya ng'ambo maana yake nini? Nilikwenda afisini asubuhi ile ile, kwanza nikiwa mpole, nikataka kumwona Bwana Mbarouk. Alikuwa peke yake na mafaili yake. Akasimama, akafunga mlango.

"Kombo," akasema, "usijitie maudhi. Mwakani kutakuwa na nyengine."

"Nataka kujua kosa langu tu, Bwana Mbarouk."

Akatazama dirishani. "Waliandika kwamba umekuja pekupeku. Mwenyekiti alisema kijana asiyeweza kuvaa viatu hata siku ya kuitwa, hawezi kupelekwa baridini kuishi na watu."

Nikapaza sauti. "Nilikuwa na viatu! Vilikuwa mlangoni!"

"Niliviona."

"Uliviona?"

"Nilivipita nilipotoka kwenda kumwita mwenzio."

"Na wewe Mpemba. Wajua kwa nini vilikuwa mlangoni. Kwa nini hukuwaambia?"

Akalinyoosha faili lililokuwa mezani. Kisha akasema maneno ambayo nimeishi nayo mpaka leo. "Hakuniuliza mtu."

Hakuyasema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliyasema kama mtu anayeeleza utaratibu wa kazi: kile kiti amekipata kwa shida, na mtu akikaa pale hujibu anapoulizwa, basi. Nilimwelewa, na kumwelewa kukanizidishia hasira. Shaame angesema hapa kwamba Mbarouk naye alikuwa mnyonge, na serikali haikuwa yake. Kweli. Lakini mimi sikutaka anipiganie vita. Nilitaka sentensi moja: Bwana, huyu kavua kwa adabu. Sentensi ile isingemtoa kazini. Ingemgharimu kukunjiwa uso dakika moja, na kwa dakika hiyo moja alikuwa tayari mimi nishike mnyororo maisha yangu yote.

Nilipomweleza Bi Mize, hakulia wala hakuapiza. Alichambua mchicha wote uliokuwa mbele yake, kisha akauliza, "Na weye wafanyaje?" Nikamwambia nitawaandikia. Akasema, "Andika. Na ukesha kuandika, nenda ukakae pale mpaka wakuone." Wazee wa barazani walinionya. Walisema kijana asijibizane na serikali, atajifungia milango yote. Mwenye subira hupewa. Nilikuwa nimeshakinai na subira. Niliandika barua kwa mwenyekiti, ukurasa mmoja, nikaeleza viatu vilikuwa wapi na kwa nini, nikaambatisha kurasa sita za vipimo vya pale barabara inapokatika, pamoja na mchoro. Sikuomba radhi. Mwalimu wangu wa zamani aliisoma akaniambia niongeze "mtumwa wako mtiifu" mwishoni, kama ilivyokuwa ikiandikwa. Sikuongeza. Kisha kila asubuhi kabla ya kazi nikawa nakaa kwenye ngazi za afisi ile, viatu vya marehemu miguuni, nikimwamkia kila anayepanda. Bwana Mbarouk alipanda ngazi zile kila siku. Nilimwamkia kwa adabu zote, naye akaitikia bila kunitazama.

Kilichoniokoa ni zile kurasa sita. Kamati ilikuwa bado haijampata mtu wake, na injinia aliposoma vipimo akataka kuniuliza. Niliitwa mara ya pili. Habari ikazagaa mtaani kote, na kila mtu akawa na wosia mmoja: usivue. Mzee Hamad, yule aliyecheka mwanzo, alikuja mwenyewe kunishika bega: "Yakhe, leo ingia navyo. Hata ukikuta msala wa kusalia, ingia navyo." Bi Mize akasema, "Likanyage hilo busati lao mpaka litoke nyuzi." Nami niliondoka Madungu nimeshaamua kulikanyaga.

Nilifika mlangoni. Busati lilikuwepo, lile lile. Nikasimama pale muda kidogo. Nilijua kwamba nikipita navyo nitapata ninachokitaka, na pia nitakuwa nimekubali kwamba mara ya kwanza nilikosea. Sikukosea. Mama aliyenizaa hakunifundisha upumbavu. Nikainama, nikafungua kamba, nikavua. Safari hii sikuviacha nje. Nilivishika mkononi, nikaingia pekupeku, nikavitua chini kando ya kiti changu, mahali ambapo wote watatu wataviona. Kisha nikawaamkia.

Mwenyekiti akavitazama. "Viatu hivyo ni vya nani?"

"Vya marehemu mwenye nyumba yangu, bwana. Leo ni vyangu."

"Na kwa nini huvivai?"

"Kwa sababu mmetandika busati. Kwetu busati halikanyagwi na viatu. Mara ya kwanza nilivivua nikaviacha mlangoni, mkaniandika kwamba sina."

Mwenyekiti akageuka. "Mbarouk, ni kweli hivyo?"

Aliulizwa, sasa. Nilimtazama. Akarekebisha karatasi zake, akasema kwa Kiingereza, "Ni desturi ya baadhi ya watu wa shamba, bwana."

Watu wa shamba! Nilisahau adabu yote. Nikamgeukia, nikamwambia kwa Kiswahili, mbele yao, "Bwana Mbarouk, mama yako yuko Wete. Ukenda kwake, waingia ndani na viatu?"

Injinia akauliza, "Anasema nini?" Na mkalimani alikuwa ni yeye, hapakuwa na mwengine. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Kisha akafasiri, neno kwa neno, hakupunguza hata moja. Injinia akamwambia, "Haya, mjibu." Bwana Mbarouk akasema, "Hapana. Ninavua." Injinia akatazama viatu vya Bwana Mbarouk vilivyokuwa juu ya busati, akatazama na vyake, akakohoa. Akavuta zile kurasa zangu. "Tuzungumze maji," akasema.

Tukazungumza maji. Nilimwambia bomba limezikwa pale ilipokuwa rahisi kuchimba, wala si pale maji yanapopita. Maji yanashuka kutoka kwenye mteremko uliofyekwa, yanafika barabarani hatua arubaini kabla ya bomba, yanajaa, yanakata. Akaniuliza nani alinituma kupima. Nikamwambia hakuna. Akaniuliza kwa nini basi nilipima. Nikamwambia kwa sababu kila mwaka tunafukia, na mimi ni mmoja wa wanaofukia, nimechoka. Mwenyekiti hakusema neno mpaka mwisho, na mwisho alisema asante tu. Nikachukua viatu vyangu nikatoka.

Jibu lilichukua wiki tatu. Nitakuwa muongo nikisema sikuogopa. Chakula kilinishinda, na Bi Mize akawa ananitengenezea uji wa pilipili manga akisimama mbele yangu mpaka niumalize. Kisha alasiri moja Bwana Mbarouk akaja mwenyewe Madungu, ana bahasha na kalamu mfukoni. Ukumbi wa Bi Mize ulikuwa umetandikwa mkeka mpya wa ukili, na yeye yuko katikati yake anapepeta mchele. Bwana Mbarouk akapiga hodi, akasimama kizingitini.

"Karibu, Bwana Mbarouk," Bi Mize akasema bila kusimamisha ungo. "Pita navyo tu viatu vyako. Siku hizi anayevua huandikwa."

Alisimama pale, uso umemwiva. Nilidhani atanipa bahasha mlangoni aondoke, na sijui leo ningemfikiriaje kama angefanya hivyo. Akainama, akafungua kamba za kiatu kimoja, kisha cha pili, akavua na soksi, maana moja ilikuwa imetoboka na nadhani aliona aibu. Nilifurahi kuiona aibu ile. Nilifurahi sana, na sioni haya kuliandika hilo. Akaingia.

"Umepata, Kombo," akasema. "Skolashipu ni yako."

Bi Mize alitupa ungo, mchele ukamwagika wote, akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.  Bwana Mbarouk alisubiri kelele zipungue, akaeleza kwamba karatasi ya kukubali lazima itiwe sahihi yangu na ya mtu mmoja wa afisi, irudi Unguja na meli ya kesho, ipelekwe Uingereza. Akatafuta kwa macho pahala pa kuandikia. Chumbani kwangu meza ilikuwepo, na kiti. Sikuifuata. Nilikaa kitako juu ya mkeka, nikaikunjua karatasi juu ya goti langu, na baada ya kusitasita naye akakunja suruali yake nyeupe akakaa mbele yangu, katikati ya mchele uliomwagika.

"Sikukuombea mabaya," akaniambia kwa sauti ndogo, alipokuwa ananipa kalamu.

"Najua, Bwana Mbarouk. Hukuniombea kitu."

Nikatia sahihi. Akapokea kalamu, akaandika jina lake chini ya langu, polepole, kwa hati yake nzuri ya kikarani, na hivyo ndivyo karatasi ile ilivyokwenda Uingereza, imetiwa sahihi sakafuni na watu wawili pekupeku.